Mkate wa Pasi na Asali ya Nuu

Mumbua, mwaitu,

Nakuandikia huku nakuona. Uko nje ya dirisha la jikoni, umekaa kwenye kigoda, kichwa chako kimebanwa katikati ya magoti ya Mama Kioko, jirani yetu, anayekusuka kwa ajili ya safari ya kesho ya kwenda shule ya bweni. Kila akivuta nywele unapiga kelele, naye anakukaripia. "Tulia wewe! Nywele ngumu kama moyo wa mamako. Huko Mutomo nani atakusuka? Mbuzi?" Unacheka mpaka mabega yanatikisika, na yeye anakupiga kofi dogo la kisogoni ili ukae sawa.

Ni saa tisa alasiri. Kesho saa kama hii kigoda hicho kitakuwa kitupu na sijui nitakitazama vipi.

Mambo ya sabuni, ya kufuli mbili, ya kutomwazima mtu ndoo yako, nimeyaandika kwenye karatasi nyingine na kuibandika ndani ya kifuniko cha sanduku. Hayo utayasoma ukiwa umesimama. Barua hii nataka uisome umekaa. Nitaificha ndani ya taulo, chini ya chupa ya achari, kwa sababu najua kitu cha kwanza utakachotafuta ndani ya sanduku ukifika bwenini ni chakula.

Achari yenyewe inachemka hapa karibu na kiwiko changu. Unaijua. Maembe ya hapa Kasikeu yaliyoiva kupita kiasi, asali, tangawizi, ndimu, chumvi kidogo, na zile pilipili ndogo nyekundu zinazomfanya Mama Kioko aseme kwamba nyumba hii hupika dawa ya kufukuza nyoka. Nasimama kila baada ya mistari michache nikoroge, isije ikashika chini. Ukiona doa mahali kwenye karatasi, ndiyo hiyo.

Ni achari ya mkate wa pasi. Jina hilo ulilitoa wewe. Vipande viwili vya mkate vilivyopakwa siagi upande wa nje. Ndani yake jibini, halafu hemu, lile paja la nguruwe lililotiwa chumvi na moshi likakatwa jembamba kama karatasi, ambalo nalipata kule hotelini barabara ya Mombasa ninakosimamia jiko. Halafu achari, tena kwa wingi. Halafu jibini tena. Juu yake pasi ya makaa, ile nzito yenye jogoo kwenye kifungo chake, imevishwa foili chini, inakandamiza mpaka jibini inatorokea pembeni na kuwa ganda la kahawia. Wewe hula ganda kwanza. Kisha unauma, unavuta pumzi kwa sababu ya pilipili, unalamba vidole kwa sababu ya asali, na unauma tena kabla haujapoa. Kila Jumapili tukitoka kanisani, miaka saba sasa. Nyumba za wengine Jumapili hunukia chapati. Yetu hunukia makaa na jibini.

Asubuhi ulipojaribu kuinua sanduku uliniuliza, "Mami, umeweka mawe?" Nimeweka pasi.

Nataka kukueleza ilitoka wapi. Sehemu ya kuchekesha unaijua. Iliyobaki huijui, na ninaogopa kuiandika, kwa hivyo utanivumilia nikienda polepole.

Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na saba, kidato cha tatu. Hilo sijawahi kukuficha. Ulipofikisha miezi mitano, mama yangu alikutoa mgongoni mwangu akakufunga kwenye wake, akasema, "Mtoto ana mimi na ana mbuzi wa maziwa. Wewe nenda ukamalize vitabu." Nikaenda. Nilimaliza shule, nikaenda Nairobi chuo kikuu kusomea lishe. Nilifundishwa mtoto wa miaka miwili anahitaji nini kwenye sahani yake, nikafaulu vizuri mtihani huo, na mtoto wangu wa miaka miwili alikuwa kijijini kwetu Nuu akilishwa na mtu mwingine.

Nilikupa jina la mama yangu, kama ilivyo kwetu, na ndiyo sababu tangu uzaliwe nakuita mwaitu, yaani mama, kama ninavyomwita yeye. Lakini wewe mama yako alikuwa yeye. Ndivyo ulivyoikuta dunia: yeye alikuwa Mama, na mimi nilikuwa Ndanu, kwa sababu ndivyo ulivyomsikia akiniita. Nilipokuja likizo ulinikimbilia vizuri sana, kama watoto wanavyomkimbilia mgeni. "Ndanu amekuja! Ndanu, umeleta nini?"

Krismasi ile ya miaka yako mitano nilileta hemu na jibini. Nilikuwa nimeanza kazi katika jiko la hoteli Nairobi, na nilikuwa nimeona mashine ya kukandamiza mkate ukiwa moto. Sitakudanganya kwamba nilitaka tu ule vizuri. Nilitaka ule kitu ambacho yeye hangeweza kukupa.

Mama yangu alifungua ile karatasi, akanusa.

"Hii ni nyama gani?"

"Ya nguruwe, mwaitu."

"Nguruwe." Akarudi hatua moja. "Ndanu, wewe uliyesoma. Yale mapepo Bwana aliyoyatoa kwa yule mtu wa makaburini, yaliingia wapi?"

"Kwa nguruwe. Lakini wale walizama ziwani. Hawa ni wengine."

"Una hakika walizama wote? Ulikuwa huko ukiwahesabu?"

Hakunikataza. Alizitoa sufuria zake zote nje, akazifunika kwa ungo, akasema nipike na vyombo vyangu. Sikuwa na chombo hata kimoja. Nilichoona ni pasi yake ukutani, ile aliyonyooshea kitambaa chake cheupe cha kichwani cha kikundi cha akina mama wa kanisa. Nikaosha bati, nikaliweka juu ya makaa, nikapanga mkate, nikaukandamiza kwa pasi ya mama yangu bila hata karatasi chini yake. Asali niliichota kwenye chupa iliyokaa chini ya kitanda chake, asali ya dawa, ya kikohozi na ya kuungua, ambayo watu wengine walipewa kwa ncha ya kijiko. Niliichota kama maji. Na pilipili niliweka kama nilivyowawekea wateja wa Nairobi. Kwa mtoto wa miaka mitano. Mimi niliyesomea lishe.

Uliuma. Ukatafuna mara mbili. Macho yakakutoka, ukalia, "Mama!"

Tuligeuka sote wawili. Yeye alikuwa mlangoni. Mimi nilikuwa hapo hapo, ningeweza kukugusa. Nikapiga magoti, nikafungua mikono. Ukapita kando yangu. Hukunisukuma, hukunikwepa kwa hasira. Ulinizunguka kama mtu anavyozunguka jiwe lililo njiani, ukaenda ukazika uso kwenye leso yake. Akachovya kidole kwenye asali iliyobaki, akakupaka ulimini. "Pole. Pole, mwanangu. Ndanu hakujua."

Alikuwa ananitetea. Mimi nilisikia kama mlango ukifungwa.

Jumapili iliyofuata ndiyo ile unayoijua, kwa sababu yeye mwenyewe alizoea kukusimulia mkicheka. Alinyoosha kitambaa chake na pasi ikakiachia ramani ya mafuta katikati. Hakuwa na kingine, akakivaa hivyo hivyo. Wimbo wa pili haujaisha, mwenzake mmoja akamnong'oneza, "Mama Ndanu, leo unanukia vizuri, umepika nini?" Alirudi nyumbani akaniwekea pasi mkononi. "Chukua. Pasi iliyoonja nguruwe hairudi kwa nguo za Bwana." Alikuwa anacheka. Nilicheka pia. Lakini kila nilipoitazama pasi ile Nairobi nilikumbuka jinsi ulivyonizunguka.

Ngoja nikoroge.

Imeanza kushika. Nimepunguza makaa. Mama Kioko anakuuliza kama umeshapata mvulana wa kumwandikia barua, nawe unamwambia, "Mama Kioko, siku hizi nani anaandika barua?"

Ulipokuwa na miaka minane nilipata kazi hii ya Makueni na nyumba hii ya vyumba viwili. Ningeweza kwenda Nuu, nikakaa chini na mama yangu, nikamwambia, mwaitu, sasa nina mahali, nimekuja kumchukua mtoto. Angelia kidogo. Angepika. Angemwita mchungaji aje aombe, angekufungia nguo zako na kuzifungua na kuzifunga tena. Ingekuwa chungu, lakini ingekuwa sawa. Sikufanya hivyo, kwa sababu moja tu: nilijua kabla ya yote angekuuliza wewe. Ni mtu wa haki. Angekukalisha mbele yangu aseme, "Mumbua, unataka kwenda na Ndanu?" Nami nilijua utajibu nini.

Nilifika Jumamosi. Jumapili asubuhi nikamwambia, "Tangulia kanisani, mwaitu. Ngoja nimwoshe Mumbua nywele, tutakukuta huko." Akatangulia. Nilisubiri mpaka nikasikia nyimbo zimeanza. Hapo nikachukua mfuko niliokuwa nimeuficha nyuma ya ghala, nikakushika mkono.

"Tunaenda kanisani?" ukaniuliza.

"Tunaenda kwangu. Mama amechoka kulea. Amesema nikuchukue."

"Amesema?"

"Amesema."

Ukafikiri. "Mbona hajaniaga?"

Nikakuambia hapendi kuaga. Kisha nikatoa mkate niliokuwa nimeufunga tangu alfajiri, hemu na jibini na asali, safari hii bila pilipili hata chembe. Ulikuwa bado vuguvugu. Nikasema, "Ukikaa na mimi utakula huu kila Jumapili." Ukauma. Ukaugeuza, ukauma upande wa pili. Tukatembea mpaka barabarani, wewe ukitafuna na kugeuka nyuma, kutafuna na kugeuka nyuma, na mara ya mwisho hukugeuka.

Mama yangu hakuwa amesema neno lolote kati ya hayo. Nilikuiba, Mumbua. Nilikuiba kwa mkate, kama anavyoibwa mbwa.

Mwanamke mmoja wa kanisa lile aliniambia baadaye, bila kujua ananiambia nini, kwamba Jumapili ile mama yangu alitandika leso yake kwenye benchi kutuwekea nafasi mbili. Kanisa lilijaa, watu wakasimama nyuma, mhudumu akaja kumwomba asogee. "Wanakuja," akasema. "Wanaosha nywele." Mpaka baraka za mwisho leso ilikuwa imetandikwa pale.

Jioni nilimpigia simu nikiwa hapa Kasikeu, nyuma ya mlango huu huu, ili usinisikie. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilikuwa na maneno yote: mimi ndiye niliyemzaa, mimi ndiye nina haki. Alipokea, nikasikia kuku wake wakiingia ndani. Kisha akauliza, "Mtoto amekula?"

"Amekula, mwaitu."

"Usimfunike kichwa akilala. Huota vibaya."

Akakata simu. Maneno yangu yote yalibaki mdomoni na sijawahi kupata pa kuyatema.

Desemba hiyo nilikupeleka kumwona. Njiani uliniuliza, "Watoto wengine humwita nani mama ya mama yao?" Nikakuambia, humwita Susu. Ulipoingia uani hukukimbia. Ulisimama mbele yake, ukanyoosha mkono kama mtoto aliyefunzwa adabu, ukasema, "Susu." Alishtuka kidogo tu, kama mtu aliyeguswa na jivu la moto. Akaitika.

Alikuwa amekaa akichambua mbaazi kwenye ungo. Wewe uliegemea nguzo ya ghala ukimwangalia mikono. Mwishowe ukamuuliza, "Susu, ni kweli ulichoka na mimi?"

Nilikuwa nyuma yako nimeshika pakiti ya sukari. Akainua macho, akanitazama juu ya kichwa chako. Hakunitazama kwa muda mrefu. Kisha akarudi kwenye mbaazi zake.

"Nilikuwa nimezeeka, mwanangu," akasema.

Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amepanda kutoka mtoni na mtungi wa lita ishirini mgongoni.

Nilimfuata jikoni. "Mwaitu, mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba mama yake ni mwizi?" Hakupandisha sauti. "Sasa anakaa na wewe. Akikosa kukuamini wewe, usiku akiamka atamwita nani? Wewe ndiye utamwambia. Siku utakayoweza."

Nilidhani nitaweza wiki hiyo.

Mwanangu, uongo ule niliusema mara moja tu, kwa pumzi moja, nikiwa na haraka ya gari. Lakini kuanzia hapo ilinibidi niufuge. Uliongezeka kama mbuzi, na kila ulipoongezeka nilipanua boma. Ulipokataa kwenda Nuu likizo iliyofuata, sikukulazimisha, na moyoni nilifurahi. Ulipoacha kuuliza habari zake, nilijiambia watoto husahau. Ukaanza kuniita Mami. Sikumbuki siku gani, na inaniuma kwamba siikumbuki, kwa sababu niliingoja miaka minane. Nadhani nilikuwa nimeingoja kwa njaa kiasi kwamba ilipokuja niliimeza bila kutafuna.

Kuna kingine. Asali. Miaka yote hii nimekuambia nanunua asali sokoni. Sijawahi kununua asali, Mumbua. Kila msimu yeye huituma kutoka Nuu, chupa mbili zilizofungwa kwa kitambaa na kamba ya mkonge, nami huwa nafungua ile kamba kule hotelini kabla sijazileta nyumbani, kwa sababu ungeyajua mafundo yake. Hajawahi kuuliza kama unajua zinatoka wapi. Kila Jumapili uliyolamba vidole ulikuwa unalishwa na yeye. Mimi nilikuwa naweka pilipili tu.

Chupa ya wiki hii ndiyo ya kwanza niliyoileta na kamba yake. Ilikuwa ni zawadi yako ya safari kutoka kwa Susu, nikakuambia hivyo. Uliyatazama mafundo, ukaiacha mezani. "Mpe Mama Kioko," ukasema. Ndiyo niliyotumia leo.

Halafu Jumanne tukajaza fomu ya shule.

"Mtu wa pili wa kupigiwa simu ukiugua," nikasoma. "Tuandike Susu."

"Zii, Mami. Andika Mama Kioko."

"Susu ni damu yako."

"Susu alinichoka nikiwa mzima, na miaka minane. Nikiwa mgonjwa ndiyo atapata nguvu?" Ulisema ukitabasamu, na tabasamu hilo lilikuwa la mtu mzima. Kisha ukaja nyuma ya kiti changu, ukaniwekea kidevu begani. "Wewe tu ndiye hujawahi kuniacha."

Nilisema nataka kusonga ugali. Ugali ulikuwa umeshaiva.

Nilikuacha, Mumbua. Nilikuacha ukiwa na miezi mitano. Nilikuacha kwa sababu nzuri, na kama ningerudishwa pale ningekwenda shule tena, lakini nilikuacha. Yeye ndiye hajawahi. Jumapili ile, saa ile tulipokuwa barabarani tukingoja gari, alikuwa anagombana na mhudumu wa kanisa juu ya nafasi yako.

Ndiyo maana naandika. Ningeweza kunyamaza. Ungeenda Mutomo kesho ukiwa wangu mzima mzima, na likizo ungerudi hapa, na Nuu ingeendelea kuwa mahali pa watu waliokuchoka. Nimelifikiria hilo, sitajifanya sikulifikiria. Nimelala nalo tangu Jumanne. Lakini nimekutazama wiki hii nzima ukifunga vitu vyako, na nimeona unafunga na hilo pia: kwamba kuna mtu alikulea kisha akakurudisha. Utaingia nalo bwenini. Utakapopata rafiki utakuwa unangoja achoke. Nimeona ukimngoja hata Mama Kioko achoke. Nimeona unavyoosha vyombo vyake kabla hajakuomba. Hiyo siyo adabu. Mimi ndiye niliyekufunza woga huo, kwa sentensi moja, na mdomo wako ukiwa umejaa mkate wangu.

Sikuandikii ili unisamehe. Ukinikasirikia, kasirika sawasawa. Usinipunguzie kwa sababu nililia nikiandika. Nilichojifunza kwa umri huu ni kidogo. Niliogopa jibu lako, nikaliiba swali lenyewe. Kama kuna siku utampenda mtu mpaka uogope kumuuliza kama atabaki, muulize. Jibu baya nadhani lingenipata mara moja. Swali ambalo sikuuliza limenipata kila Jumapili.

Na nikwambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Miaka hii saba nimekuwa na wewe mezani na bado nimekuwa nikikutamani. Nilidhani ni ile minane niliyoikosa inayoniita: jino la kwanza, hatua ya kwanza, ile siku mama yangu anasema uliogopa jogoo mpaka ukazimia. Sasa najua siyo hiyo tu. Ukimpata mtu kwa kumdanganya humpati. Unakaa naye, unampikia, unamsikia akipumua chumba cha pili, na unamkosa.

Asubuhi ulipokwenda dukani nilimpigia Susu. Nikamwambia kwamba namwambia mtoto.

"Umemwambia, au utamwambia?"

"Naandika barua, mwaitu."

"Wewe na kuandika kwako." Kuku walikuwa wanalia, wale wale au wajukuu wao. Nilingoja anilaumu, hata nilitamani. Akasema, kwa sauti ambayo sikuijua, sauti ya msichana, "Atakuja?"

"Sijui."

"Haya." Halafu, "Mkate nitanunua mimi. Hiyo nyama yenu atakuja nayo mwenyewe. Na sufuria zangu nitazitoa nje."

Kwa hivyo pasi iko chini kabisa ya sanduku, ndani ya sweta ya kijivu. Matroni nimemuuliza, ameruhusu pasi za makaa. Itumie kwa sare zako. Foili iliyo chini yake uibandue kwanza, usije ukaenda gwaride na ramani ya mafuta. Likizo ya katikati ya muhula ikifika, kuna gari la kuja huku na kuna magari ya kwenda Kitui, Mwingi, mpaka Nuu. Ukija huku nitafurahi mpaka nijifiche. Ukienda huko, achari uliyo nayo inatosha mikate minne, na pilipili yake siyo ya mtoto. Yeye mpunguzie. Mwambie hao nguruwe niliwahesabu.

Fomu ya shule iko ndani ya bahasha hii. Nimetia sahihi chini, mahali panapotaka mzazi, kwa sababu bila hiyo ofisi ya shule haitaipokea. Lakini zile nafasi mbili za watu wa kupigiwa simu nilizifuta zote, hata ya kwanza, hata jina langu. Waambie umeandika kwa penseli ukakosea. Kisha ujaze mwenyewe, kwa wino, majina unayotaka na kwa mpangilio unaotaka. Kalamu nimeiweka.

Mama Kioko amemaliza. Anakugeuza huku na huku akikagua kazi yake, na wewe unajishika kichwa kuona kama bado ni chako. Sasa unakuja jikoni. Utachovya kidole kwenye achari kabla sijakuonya kwamba ni ya moto, utapiga kelele, na mimi nitaficha karatasi hii chini ya ubao wa kukatia.

Huko uendako utaungua na mambo mengine, mwaitu. Ukiungua, ita. Tuko wawili na tutageuka sote wawili. Umkimbilie umtakaye. Nikiwa mimi ndiye niliye karibu, nikiwa nimepiga magoti na mikono wazi, na wewe unataka kupita, pita.

Ni mimi,
Ndanu